Samaki wa Kati

Ukitaka kumjua mtu haraka, mtazame anavyoshusha boti. Kwenye mialo ya Lake Fork, mashariki mwa Dallas, Jumamosi za mwezi wa Machi magari hupanga foleni kabla jua halijatoka, kila moja likiburuta tela lenye boti, na mteremko wa zege unaoingia majini hautoshi zaidi ya gari moja au mawili kwa wakati. Hapo tabia za watu hutoka hadharani. Yupo anayefika mteremkoni, akasimama katikati, ndipo akumbuke kufungua mikanda, kupakia fimbo za kuvulia, kumimina barafu kwenye sanduku na kumtafuta mtoto aliyekwenda msalani. Walio nyuma yake hawapigi honi, maana watu wa mashambani huku ni wenye adabu, lakini wanamtazama kwa macho ambayo honi ingekuwa na nafuu. Na yupo ambaye kazi hiyo yote ameimalizia pembeni, kwenye maegesho. Mikanda ya nyuma ameifungua, vitu vyote vimo ndani, mwenzake kaishika kamba mkononi. Anarudi kinyumenyume mara moja, boti inaelea, gari linatoka.

Kabla ya kushusha boti kuna kitu kimoja kidogo cha kukagua, nacho ni kizibo. Boti za hapa zina tundu upande wa tezi, chini kabisa, la kutolea maji boti ikiwa juu ya tela. Tundu hilo huzibwa kwa kizibo cha shaba au mpira, kisichozidi kidole gumba. Kila msimu utamwona mtu ameshusha boti ya gharama inayozidi nyumba ya kijijini kwetu, ameiacha gatini akaenda kuegesha gari, na anaporudi anaikuta imelala tezi, maji yamefika kwenye betri. Mwenzangu ninayevua naye ana mbinu ambayo nimeiiga na ningemshauri yeyote: akiitoa boti majini, kizibo hukifunga kwenye mnyororo mmoja na ufunguo wa mashine. Asubuhi hawezi kuugusa ufunguo bila kukutana na kizibo.

Mimi nimekulia Igombe, nje kidogo ya Mwanza, na mitumbwi yetu haikuwa na kizibo kwa sababu haikuhitaji. Mtumbwi wa mbao unavuja daima kwenye maungio. Unaupigia kalafati leo, keshokutwa unavuja mahali pengine. Kwa hiyo kijana mdogo kuliko wote ndiye aliyekaa na kopo akiteka maji tangu tunatoka mwaloni hadi tunarudi, na kijana huyo kwa muda mrefu nilikuwa mimi. Nikiilinganisha kazi ile na boti ya alumini yenye zulia, naona chombo kinachovuja kila siku kilitufundisha kutazama chini ya miguu yetu. Chombo kikavu humfanya mtu asahau kwamba yuko juu ya maji. Nimeona hivyo hata kwenye fedha. Wakati nilipokuwa nahesabu kila dola ya nauli nilijua inakokwenda, na matobo makubwa yalikuja baadaye, mshahara ulipokuwa umekaa vizuri.

Kwa wasiolijua ziwa la Lake Fork, ni bwawa. Ukuta wake ulikamilika mwaka 1980 kwa ajili ya maji ya kunywa na ya viwanda, na eneo lake ni karibu hekta 11,000. Kabla maji hayajapanda, sehemu kubwa ya msitu uliokuwa bondeni haikukatwa. Miti ilifia imesimama, na mpaka leo unaendesha boti katikati ya vigogo vyeupe vilivyochomoza juu ya maji. Hivyo unaviona. Vile vilivyokatikia chini kidogo ya uso wa maji huvioni, na ndivyo vinavyovunja mashine na mbavu za watu. Zipo njia zilizosafishwa, zenye alama. Ukiwa ndani yake unaweza kukimbia. Ukitoka nje unakwenda mwendo wa kutembea kwa miguu, hata kama umevua hapo tangu ujana wako, kwa sababu maji hupanda na kushuka, na kigogo kilichokuwa mita moja chini mwaka jana mwaka huu kiko inchi moja.

Sheria ya Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, inamtaka nahodha wa boti ndogo ya mashine ajifunge kamba ya kuzimia mashine anapokimbia. Kamba hiyo hunasa kwenye mwili wako upande mmoja na kwenye swichi upande wa pili. Ukirushwa nje, inachomoka na mashine inazimika. Bila kamba hiyo, boti isiyo na mtu huanza kuzunguka duara, na katikati ya duara yuko mwenyewe. Watu wengi huona usumbufu kuifunga. Mimi huifunga hata ninapohama mita hamsini, na mgeni yeyote anayepanda boti yangu anavaa jaketi la kujiokolea kabla boti haijatoka kwenye tela.

Aliyekulia Mwanza hahitaji kuhubiriwa jambo hili. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na mji, ikiwa na mamia ya watu, na hakukuwa na mtaa usio na matanga. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, zaidi ya watu mia mbili wakafa wakiwa wanakaribia gati, nilikuwa tayari niko Texas, na simu yangu haikunyamaza usiku kucha. Kwa hiyo mgeni anaponiambia, "Mimi najua kuogelea," humjibu kwamba aliyezimia hajui kuogelea, kisha naendelea kumnyooshea jaketi mpaka alichukue. Siku hizi yapo majaketi membamba ya kujijaza hewa yenyewe, yanayokaa mabegani bila kumzuia mtu kurusha mshipi. Kisingizio cha joto kimekwisha.

Upepo nao una adabu yake. Mtu anaanza siku kwa furaha, upepo ukimsukuma mgongoni, anavua akielea mbali na mwalo kwa ile mashine ndogo ya umeme ya mbele inayoongozwa kwa kanyagio. Saa nane mchana betri imechoka, upepo umeongezeka, na nyumbani kuko kule unakotoka upepo. Wazee wa Igombe walikuwa na kasia tu na walijua: asubuhi, ukiwa na nguvu, nenda ukipingana na upepo, ili jioni ukusindikize. Sijapata ushauri bora kuliko huo katika shughuli yoyote. Kazi ngumu kuliko zote ninaifanya kabla ya chai ya saa nne. Baada ya hapo najiachia.

Ngurumo ya kwanza ikisikika tunaondoka. Fimbo za kisasa zimetengenezwa kwa kaboni, inayopitisha umeme, na wewe umesimama katikati ya maji umeinyanyua moja juu. Hapo hakuna mjadala.

Sasa samaki mwenyewe. Besi wa mdomo mkubwa ana mgongo wa kijani, ubavuni ana mstari mweusi uliokatikakatika, na taya lake hupita nyuma ya jicho. Ni mwindaji wa kuvizia. Haogelei huku na huko akitafuta. Anakaa mahali pa mpaka na kungoja. Mpaka wa kivuli na mwanga, wa majani na maji meupe, wa kina kifupi na shimo, wa maji machafu yanayoingia kutoka kijito na maji safi ya ziwa. Anayeanza hurusha chambo katikati ya uwanja wa maji kwa kuwa ni pazuri na hapanasi kitu, na anakaa hapo mpaka achoke. Mwenzangu, ambaye ametoka Kalemie, ukingoni mwa Tanganyika upande wa Kongo, hutazama tu ufuo, kisha anasema, "Ndugu, hii fasi iko na samaki," na anaonyesha kigogo kilichoangukia majini pale mteremko unapoanza. Mara nyingi anakuwa sahihi. Utotoni alivua ndakala kwa taa usiku, uvuvi usiohusiana hata kidogo na huu, lakini jicho la kutafuta mahali vitu viwili vinapokutana alikuja nalo. Sisi wawili tunakaa kwenye mipaka ya namna hiyo kila siku: Kiswahili nyumbani, Kiingereza kazini, watoto wanajibu kwa lugha wanayotaka. Labda ndiyo sababu samaki huyu hatukuchelewa kumwelewa.

Majira yake yanategemea joto la maji kuliko kalenda. Maji yakifika nyuzi 16 hadi 20 hivi, dume husogea maji mafupi, husafisha mduara wa chini kwa mkia, jike hutaga na kuondoka, na dume hubaki akilinda mayai na baadaye vifaranga. Wakati huo utamwona waziwazi, kivuli kirefu juu ya duara jeupe, na ukimtupia kitu atakigonga kwa sababu anataka kukiondoa, hata kama hana njaa. Sheria inaruhusu kumvua. Wapo wavuvi wazuri ninaowaheshimu wanaofanya hivyo na kumrudisha palepale. Mimi nampita. Sina hoja kubwa ya kitaalamu ya kumpinga mtu. Najua tu kwamba dakika anazokuwa mikononi mwangu, samaki wadogo wa rangirangi wanaomzunguka wanakuwa wanakula mayai yake, na mimi ni baba.

Ningekuwa na chambo kimoja tu cha kumpa anayeanza, ningempa mnyoo wa plastiki. Mmarekani aliyeitwa Nick Creme aliupika jikoni kwake Akron, Ohio, mwaka 1949, na mpaka leo, pamoja na mabilioni ya dola yaliyotumika kubuni vitu vinavyong'aa na kupiga kelele, sijaona kinachofundisha zaidi. Unaufunga kwa namna inayoitwa ya Texas. Chubwi ya risasi yenye ncha inateleza kwenye mshipi mbele ya ndoana, ncha ya ndoana inaingia kichwani mwa mnyoo, inatoka, inageuzwa na kufichwa tena mwilini ili isinase kwenye miti. Unarusha. Unauacha uzame mpaka mshipi ulegee. Halafu ndipo kazi inapoanza, nayo ni kutokufanya kitu.

Unainua ncha ya fimbo polepole, unahisi chubwi ikipanda juu ya tawi usiloliona, inasita, inavuka, inaanguka upande wa pili. Unakusanya ulegevu. Unasubiri. Kidole cha shahada kinakaa juu ya mshipi mbele ya rili, kwa sababu kidole kinajua kabla ya macho. Kuna miguso ya aina nyingi: tawi huvuta na kuachia, majani huwa mazito taratibu, jiwe hugonga mara nyingi na kwa ukavu. Besi hugonga mara moja. Ni kama mtu anayegonga ukuta wa chumba cha tatu: unabaki unajiuliza kama umesikia. Wengine hawagongi hata hivyo. Unaona tu mshipi unakwenda pembeni polepole wakati wewe hukuuvuta, au chubwi haifiki chini pale ambapo ilipaswa kuwa imefika. Hapo unashusha ncha ya fimbo, unakusanya ulegevu wote, na unavuta juu kwa mwili mzima, maana ndoana lazima itoboe plastiki kwanza kabla ya mdomo.

Anayeanza hukosa wengi kwa kuvuta mapema au kwa kuwa alikuwa anaongea. Sijui shughuli nyingine inayoonyesha waziwazi hivyo kama mtu yupo au hayupo. Nimekaa kwenye mikutano ya kazi nikitikisa kichwa saa nzima bila kuwemo, na hakuna aliyejua. Mnyoo wa plastiki unajua.

Kuhusu vioo vya sona, hasa hivi vipya vinavyotazama mbele na kukuonyesha samaki mmoja mmoja akisogea kuelekea chambo chako, nina neno moja: vinafanya kazi. Vijana wanashinda mashindano navyo, wazee wananung'unika, na mabishano hayajaisha. Mimi ninacho kidogo cha zamani kinachonionyesha kina na vigogo, kinanitosha. Najua pia kwamba besi mkubwa kuliko wote waliowahi kuandikishwa Texas, wa kilo 8.2, alitoka Lake Fork tarehe 24 Januari 1992 kwa mkono wa Barry St. Clair, aliyekuwa anavua samaki wadogo wa kukaanga, kwa kidagaa hai. Hakuwa akimtafuta besi. Wauzaji wa chambo hawapendi kukisimulia kisa hiki.

Miaka michache iliyopita mjomba wangu, ambaye bado anavua sangara Igombe, alisikia kwa ndugu kwamba na mimi ninavua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Nasikia unavua huko."

"Navua mjomba, siku za mapumziko."

"Wanapatikana?"

"Wanapatikana."

"Unauzia wapi?"

"Siuzi, mjomba. Wengi nawarudisha ziwani."

Akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha.

"Sasa," akasema, "unakwenda kuwasalimia?"

Nilicheka, lakini swali halikuwa la mzaha. Mafuta ya mashine, barafu, leseni, usingizi wa Jumamosi: unalipia vyote, unampata samaki, unamwachia. Kwa mtu ambaye usiku mmoja mbaya unamaanisha ada ya shule haijalipwa, huo ni wendawazimu wa walioshiba. Na nadhani anayo haki. Huruma kwa samaki huja baada ya chakula cha jioni. Hata hapa haikuanza zamani. Besi aliyeshikilia rekodi ya dunia peke yake kwa miaka mingi, wa kilo 10 na kitu, alivuliwa na kijana mkulima, George Perry, huko Georgia tarehe 2 Juni 1932, wakati wa ile dhiki kuu ya uchumi. Baada ya kumpima alimpeleka nyumbani, familia ikamla. Nilipomsimulia mjomba kisa hicho aliridhika sana. "Huyo sasa ndiye mvuvi," akasema.

Mazoea ya kurudisha yalienezwa na Ray Scott, muuza bima wa Alabama aliyeanzisha mashindano ya besi mwaka 1967. Mwanzoni washindani walileta samaki wafu kwa malundo, na wenyeji wa maziwa wakaanza kulalamika kwamba wanamaliziwa ziwa. Mwaka 1972 Scott akaanza kuhimiza samaki waletwe hai, wapimwe na waachiwe. Hakuwa mtakatifu; alikuwa mfanyabiashara aliyeona kwamba samaki akiisha, biashara imekwisha. Boti zikaanza kutengenezwa na matangi ya maji yenye pampu ya hewa. Ndani ya kizazi kimoja, jambo lililochekwa likawa adabu ya kawaida, mpaka leo baadhi ya watu wanamtazama kwa jicho baya mtu aliyebeba hata mmoja wa kula. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, nami nina sheria upande wangu.

Kanuni ya Lake Fork inasema hivi: besi wa chini ya inchi 16, yaani sentimita 40 hivi, unaweza kumchukua. Wa kati ya inchi 16 na 24 lazima arudi majini. Anayezidi hapo, sentimita 61, unaruhusiwa mmoja tu kwa siku, na jumla yako isizidi watano. Sababu yake ni kwamba bwawa hili lilipandwa besi wa asili ya Florida, wanaokua kuliko wale wa kaskazini, na wale wa kati, wengi wao majike, ndio watakaokuwa majitu kesho. Wadogo wakipunguzwa, wanaobaki wanakula vizuri. Mwaka 1986, tarehe 26 Novemba, Mark Stevenson alimpata hapo jike wa kilo 8, akapewa jina Ethel. Kwa sababu yake Texas ilianzisha mpango wa wavuvi kuazima majike wakubwa kwa kituo cha kuzalishia samaki. Mvuvi anapiga simu, gari lenye tangi linakuja, samaki anazalishwa na kurudishwa. Ethel mwenyewe hakurudi ziwani. Aliishi kwenye tangi la maonyesho Springfield, Missouri, watu wakipita kumtazama, mpaka alipokufa mwaka 1994.

Nilipomweleza mjomba kanuni hiyo alinikatisha. Kwa miaka mingi, kanuni ya sangara Ziwa Victoria ilikuwa kinyume chake kabisa: unaruhusiwa kuvua mwenye sentimita 50 hadi 85, lakini mdogo na mkubwa waachwe, mdogo kwa sababu hajazaa, mkubwa kwa sababu ndiye mzazi hodari. "Kwetu wa kati ndiye wa kuvuliwa," akasema. "Kwenu wa kati ndiye wa kuachwa. Nani kakosea?" Nilifikiri sana kabla ya kumjibu, na nadhani hakuna aliyekosea. Kanuni zote mbili zinauliza samaki ni wa nini. Kule ni wa minofu inayopanda ndege, na wa sufuria. Huku ni wa kumfanya mtu aendeshe gari kutoka Dallas usiku akiwa na ndoto. Ziwa linalindwa kulingana na kile watu wanachokitaka kutoka kwake, na anayeandika kanuni bila kujua watu wanataka nini ataishia kuchoma nyavu kila mwaka. Mjomba wangu amechomewa nyavu. Hakuacha kuvua.

Anayemwachia samaki na amwachie vizuri, maana samaki aliyetupwa nusu mfu ni hasara kwa kila mtu. Lowesha mikono kwanza. Ule utelezi wa mwilini ndio unaomkinga na magonjwa, na mkono mkavu au kitambaa huung'oa. Mdogo unaweza kumshika kwa taya la chini, wima. Mkubwa usimning'inize hivyo wala usimlaze kwa taya peke yake. Mkono wa pili uwe chini ya tumbo, uzito wake usigawanye taya. Ndoana ikiwa imemezwa ndani sana, kata mshipi karibu nayo. Picha moja inatosha. Ukitaka kujua muda unaokwenda, bana pumzi zako wakati rafiki yako anatafuta simu. Kisha mshushe majini, umshikilie wima mpaka apige mkia mwenyewe.

Wadogo tunakula. Zipo siku tunarudi bila mmoja, kwa sababu wote waliojitokeza walikuwa wa kati, na mwenzangu huwatazama wakizama kwa uchungu usiofichika. Kuna mmoja majuzi tulimlaza kwenye ubao wa kupimia, mdomo umefungwa, mkia umebanwa kama kanuni inavyotaka, akapita mstari kwa unene wa ukucha. Mwenzangu akampima tena. Akampima mara ya tatu, akiwa amefumba jicho moja, kisha akasema jambo kuhusu Wamarekani na inchi zao za kupimia ambalo sitaliandika, akamrudisha.

Siku hiyo tulikuwa na wanne halali kwenye barafu. Tuliwaparua magamba nyumbani kwake Fort Worth, nyuma ya gereji, mke wake akiwa ameshasonga bukari, ambao mimi nauita ugali na wao hawakubali. Mimi nataka besi akaangwe kwanza mpaka akauke, ndipo aingie kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu kingi. Wao wanataka aingie mbichi kwenye mafuta ya mawese na pilipili, moto mdogo, asiguswe mpaka aive. Ubishi huu ni wa miaka. Nikiwa mgeni nyumbani kwake sina kura, kwa hiyo nilikula wa mawese, na nilipoongezwa mara ya pili sikukataa.